Mtoto atunge siku ya kwanza anayokaa kwenye piano: niliyojifunza kwa mzee Kurtág, kwa Bartók na kwa watoto wa Tanga

Mama Vibao (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha watoto piano hapa Tanga, sebuleni kwangu, huu ni mwaka wa 11. Piano yenyewe ni ya kusimama, kuukuu, ilitoka kwenye nyumba ya wamisionari. Hewa ya bahari imezitia kutu nyaya zake, na masika yakiingia mbao zinavimba hadi vibao vitatu vya chini vinabonyea na kubaki huko huko mpaka uvinyanyue kwa kucha. Wanafunzi ninao 14. Mdogo ana miaka 5, mkubwa 13.

Naandika kwa walimu wenzangu, kwa wapiga vinanda wa kanisani wanaokaa na watoto baada ya ibada, na kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto kwenye piano. Jambo langu ni moja: mtoto aanze kutunga siku ile ile anayokaa mbele ya kinanda. Asisubiri mpaka ajue noti, wala mpaka afike gredi ya tano ya mitihani ya piano.

Mimi nilifundishwa kwa rula. Mwalimu wangu, ambaye sitamtaja, aliniweka miezi minne kwenye noti tano, kidole gumba juu ya C, na nikigusa kibao ambacho hakimo kitabuni rula inatua kwenye vifundo vya vidole. Kusoma noti nilijua, sikatai. Lakini nilipofika miaka 17, mtu akiniambia "tupigie chochote," mikono ilikuwa inaganda. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee mpiga kinanda asiyejua noti hata moja. Mama yeyote akianzisha pambio kwa sauti yoyote, juu au chini, yule mzee alimdaka kabla ya mstari wa pili kwisha. Mimi mwenye vyeti nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza, na niliumia sana.

Miaka mingi baadaye nikakutana na kazi ya mtunzi wa muziki György Kurtág. Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Lugoj nchini Romania, kwenye familia ya Wahungaria, na baada ya vita akaenda Budapest kusoma. Kuanzia 1967 alifundisha kwenye Chuo cha Muziki cha Liszt. Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa piano, Marianne Teöke, alimwomba awatungie watoto vipande vya kupiga. Ombi hilo dogo likazaa kazi ambayo ameendelea nayo kwa miongo mingi. Vitabu vinne vya kwanza vilitoka mwaka 1979 kwa jina *Játékok*, yaani Michezo. Kihungaria kina neno moja la mtoto kucheza na la mtu kupiga chombo cha muziki. Kwetu "kucheza" kumekwenda kwenye ngoma na mpira, na kinanda tukakiachia "kupiga." Nimelifikiria sana hilo.

Kwenye utangulizi wa vitabu hivyo Kurtág anaeleza kwamba wazo lilimjia kutokana na watoto wadogo ambao kwao piano bado ni mwanasesere. Mtoto anaipapasa, anaichapa, anapitisha mkono juu yake, anarundika sauti ovyo, na ghafla sauti mbili zikimpendeza anazitafuta tena. Mzee anataka furaha hiyo isiuawe. Mtoto azunguke kinanda chote tangu masomo ya kwanza, kwa ujasiri na hata kwa kasi, badala ya kubabaisha kibao kimoja kimoja huku akihesabu moja, mbili, tatu.

Kwa hiyo ndani ya vitabu hivyo kuna vipande vya kupigwa kwa kiganja kizima, kwa ngumi, kwa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Kuna cha kuteleza tu, mkono unapita juu ya vibao kwenda na kurudi bila kukoma. Kuna preludi (kipande kifupi cha kufungulia) na valsi (dansi ya mapigo matatu matatu) ambazo zinatumia noti ya C peke yake: C zote za piano, kuanzia ile inayonguruma chini hadi ile inayolia kama kijiko kwenye glasi. Mtoto wa wiki ya kwanza anaweza kuipiga, na amepata valsi. Kuna kipande cha kumuenzi mtunzi Mrusi Tchaikovsky ambacho kinachukua ule mwanzo mzito wa konseto yake ya kwanza ya piano (kazi ndefu ya piano na okestra) na kuupiga kwa viganja. Watoto wangu wakikipiga hicho, jirani hutoka nje kuangalia kuna nini.

Sasa nieleze ninachofanya.

Siku ya kwanza sifungui kitabu. Namfungulia mtoto mfuniko wa juu wa piano, anapanda kwenye stuli, anaangalia nyundo zikigonga nyaya. Namwambia akanyage pedali ya kulia, abonyeze kibao cha chini kabisa, kisha aweke sikio kwenye ubao asikilize mpaka sauti iishe. Hapo mtoto anayekimbia siku nzima hutulia kabisa kwa nusu dakika. Halafu namuuliza: ngurumo inakaa wapi? Manyunyu yanakaa wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea mahali.

Kisha inakuja kazi yenyewe. Nina mtoto wa miaka 6 ambaye kipande chake cha kwanza alikiita "Bodaboda imekwama matopeni." Kiganja cha kushoto kinalala chini kabisa: tope hilo. Mkono wa kulia unagonga kibao kimoja, polepole, kisha haraka, kisha unapanda, injini inalia, halafu pwaa, unarudi ulikotoka. Mara tatu. Mwishoni kimya.

Nikamwambia: "Rudia."

Akapiga kitu kingine. Nikamuuliza, "Ipi ndiyo yako, ile ya kwanza au hii?" Akafikiri. "Ya kwanza, lakini ile ya juu ya hii." Akapiga tena, safari hii akichagua. Wakuu, pale ndipo utunzi ulipoanza. Kuchapa vibao kila mtoto anaweza. Akishaweza kurudia, akishakataa sauti moja na kushika nyingine, amekuwa mtunzi, hata kama hajui C iko wapi.

Na mimi kazi yangu nini? Kuandika. Nachukua karatasi na kalamu, namwandikia kipande chake mbele ya macho yake, kwa alama zozote tunazokubaliana: doa kubwa jeusi ni kiganja, mshale ni kupanda, mviringo mtupu ni kimya. Wiki ijayo anakuta karatasi iko pale pale kwenye piano, ina jina lake.

Hili sikulibuni mimi. Mwaka 1761 mtunzi Wolfgang Mozart alikuwa na miaka 5, na vipande vyake vya kwanza viliandikwa na baba yake, Leopold, kwenye daftari la muziki alilokuwa amemtengenezea dada yake mkubwa. Baba alishika kalamu, mtoto akapiga. Na Béla Bartók, mtunzi na mpiga piano wa Hungaria, alipoanza kumfundisha mwanawe Péter mwaka 1933, mtoto akiwa na miaka 9, hakumwekea kitabu cha dukani. Péter alikuja kusimulia kwamba mwanzoni waliimba tu, na baadaye kuna siku baba yake alimwambia asubiri, akaketi mezani, chumba kizima kikabaki na mkwaruzo wa kalamu. Dakika chache baadaye analeta karatasi yenye zoezi au wimbo mfupi, wino haujakauka vizuri, mtoto ausome hapo hapo. Sehemu ya kazi hizo iliingia kwenye *Mikrokosmos*, vipande 153 katika vitabu sita, na vitabu viwili vya kwanza amemtunukia Péter.

Nautamani mkwaruzo ule wa kalamu usikike kwenye kila sebule ambako mtoto anafundishwa.

Nawasilisha. Nakaribisha maswali na wenye uzoefu tofauti.

---

Baba wa Wawili

Mwalimu, umenigusa. Binti yangu ana miaka 10, tuko Dar, anafanya ile mitihani ya gredi kutoka Uingereza. Gredi ya tatu kapasi vizuri sana. Lakini nyumbani hakai kwenye kinanda mpaka kitabu kiwe wazi. Juzi shangazi yake alikuja na wimbo wa harusi, akamwomba ampigie tu, mtoto akalia. Nimtoe kwenye mitihani?

---

Mama Vibao

Baba, usimtoe. Amefanya kazi ngumu na anastahili kuimaliza. Mtihani haujamkosea, ila hajawahi kuulizwa swali la pili: wewe mwenyewe ungepiga nini?

Fanya hivi. Chukua kipande ambacho tayari anakijua kwa moyo. Apige mistari miwili ya kwanza, kisha funga kitabu na umwambie: "Malizia wewe." Usimsahihishe. Siku ya kwanza atasimama kimya, na umwache asimame. Siku ya pili au ya tatu atajaribu noti mbili. Dakika 10 kwa siku, kabla ya mazoezi ya mtihani na si baada, kwa sababu baada atakuwa amechoka na ameshaingia kwenye hali ya kuogopa kukosea.

Tena hii si njia ya kisasa. Mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach alianza kumwandikia mwanawe wa kwanza, Wilhelm Friedemann, daftari la kinanda Januari 1720, kijana akiwa na miaka 9. Ndani yake mna miandiko ya wote wawili, baba na mtoto. Na vile vipande vidogo vya sauti mbili (kila mkono na wimbo wake) vilivyoanzia humo, ambavyo leo watoto wetu wanavipiga kwenye mitihani, Bach alipovipanga upya mwaka 1723 aliandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba vimekusudiwa kumfundisha mtu kupiga sauti mbili kwa usafi, kupata mawazo mazuri na kuyaendeleza, na kuonja utunzi. Kwa hiyo binti yako akiendeleza kipande cha Bach kwa mawazo yake mwenyewe, anafanya kile ambacho Bach mwenyewe alikitaka.

Na mwambie shangazi arudi na ule wimbo. Aimbe taratibu, mtoto atafute noti ya kwanza tu. Moja inatosha kwa siku hiyo.

---

Besi ya Pili

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa, nafundisha watoto wanane Jumamosi. Hatuna piano, tuna kibodi ya vibao 61. Hii ya kulaza mkono mzima itafanya kazi kweli? Na watoto wenyewe wakikaa tu wanawasha zile stailo, wanabonyeza kidole kimoja mashine inapiga ngoma, gitaa la besi na kila kitu.

---

Mama Vibao

Besi ya Pili, asante kwa swali la kweli.

Kwanza stailo: zizime. Naomba hili ulisimamie kwa ukali. Mtoto akibonyeza kidole kimoja na bendi nzima ikaitika, sikio lake linajifunza kwamba muziki unafanywa na mtu mwingine aliye ndani ya sanduku. Mdundo uupate kwenye miguu yao na makofi.

Pili, angalia kama kibodi yako inasikia nguvu ya kidole, yaani ukigusa taratibu sauti inakuwa ndogo, ukigonga inakuwa kubwa. Nyingi zina sehemu ya kuwasha hilo kwenye menyu na watu hawajui. Kama haina, basi kazi ya sauti kubwa na ndogo ifanyeni kwa kuimba.

Kulaza mkono mzima kwenye kibodi za bei ndogo hakuna utamu, sauti zinakatana kwa sababu mashine ina kikomo cha noti inazoweza kutoa kwa pamoja. Tumia kiganja kimoja. Ila ile ya C peke yake inafaa kabisa: vibao 61 vina C sita. C sita zinawatosha watoto wanane kugombania asubuhi nzima.

Na wewe una hazina ambayo mimi sina. Watoto wako wameshajua kuimba sauti nne. Mpe mmoja besi, mwingine ajibu juu.

---

Mwalimu wa Skeli

Mama Vibao, nakuheshimu na nimesoma uzi wote, lakini sikubaliani na wewe na nitasema wazi. Nimefundisha Nairobi zaidi ya miaka 20. Nimeona watoto waliolelewa kwa "jiachie, buni." Wakifika miaka 11 vidole vimelegea, noti hawasomi, wenzao wa rika moja wanapiga sonata, wao wanapiga ngurumo na mvua. Wanaona haya, wanaacha. Huyo hatunufaiki naye, wala yeye hanufaiki.

Halafu umemtaja Bartók. Bartók alifundisha piano kwenye chuo cha Budapest kuanzia 1907 hadi 1934, na miaka yote hiyo alikataa kufundisha utunzi. Alikataa kabisa. Sasa unamtumiaje kama shahidi wa watoto kutunga?

---

Mama Vibao

Mwalimu wangu, shikamoo. Umesema la haki, na sehemu yake nimeiishi.

Miaka yangu mitatu ya mwanzo niliwaacha watoto wawili wabuni tu. Walikuwa na vipaji ambavyo mpaka leo naviota. Mwaka wa tatu wakaalikwa kusindikiza kwaya ya shule, wakawekewa karatasi, hawakuweza kusoma mstari mmoja. Mmoja aliacha piano wiki ile. Lile ni kosa langu, si la mtoto wala la mzazi. Tangu hapo somo langu la dakika 40 linaanza na dakika 10 za kutunga, na zilizobaki ni kitabu, skeli (ngazi ya noti, kupanda na kushuka), mkao wa mkono, kuhesabu. Silegezi.

Kuhusu Bartók uko sahihi, na nashukuru umelileta. Hakuamini kwamba utunzi unafundishwa. Lakini angalia alichowapa watoto. *Mikrokosmos* inaanza kwa mikono yote miwili kupiga kitu kimoja sambamba, noti tano tu, vipande sita mfululizo, ukali ule ule unaoutaka wewe. Lakini ndani ya noti tano hizo humsikii mtoto akilishwa uji wa skeli ya C meja peke yake. Anapewa skeli ambazo Bartók alizikuta vijijini, mapigo yasiyolingana, mikono miwili inayobishana. Mbele zaidi kuna kipande ambacho mtoto anabonyeza vibao bila kutoa sauti, anavishikilia, kisha anagonga vingine na kusikia nyaya zilizoachwa wazi zikiitika zenyewe. Kuna kingine ni shajara ya nzi: nzi ananaswa kwenye utando wa buibui, anahangaika, anaponyoka. Mtoto aliyelishwa hivyo kwa mwaka mmoja huhitaji kumfundisha kutunga. Nadhani Bartók aliliona hilo, ndiyo maana alihangaika na sikio badala ya kanuni.

Na Kurtág mwenyewe usidhani ni mtu wa kulegeza kamba. Amewafundisha wapiga piano maarufu kina András Schiff na Zoltán Kocsis, na waliopita kwake wote wanasimulia jinsi anavyoweza kukaa saa nzima kwenye mistari miwili ya muziki akitafuta sauti iliyo ya kweli. Mtu huyo huyo ndiye anayemwambia mtoto piga kwa ngumi. Ila ukipiga kwa ngumi, isikilize ngumi yako kama unavyosikiliza Bach. Hapo ndipo nakutana na wewe, mwalimu.

---

Mwalimu wa Skeli

Marahaba. Dakika 10 nakubali. Nitajaribu na darasa langu la Alhamisi, wale wa miaka 7. Ila kabla ya skeli au baada?

---

Mama Vibao

Kabla, mwalimu. Tafadhali kabla.

---

Upepo wa Kaskazi

Naandika kutoka Unguja. Kuna jambo mmelipita. Mtoto aliyekulia nyumba ya taarab anasikia sauti ambazo piano haina. Mpwa wangu, udi na kanuni (vyombo vya nyaya vya taarab) vinapigwa nyumbani tangu hajazaliwa, alipokaa kwenye piano kwa mara ya kwanza alianza kutafuta kitu katikati ya kibao cheupe na cheusi. Akabonyeza vyote viwili pamoja. Mwalimu aliyekuwepo akamwambia anakosea. Hakuwa anakosea. Alikuwa anatafuta noti ya nyumbani kwao na akaisogelea kadiri piano ilivyomruhusu.

Hapa tuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, vijana wanajifunza taarab kwa masikio na kwa noti pia, na udi, fidla na kanuni havimlazimishi mtu kuchagua kibao. Nadhani mtoto wa pwani aanzie huko kisha piano ije baadaye.

---

Mama Vibao

Hili limenikalisha chini. Ningempata mpwa wako ningemwandikia alama yake mwenyewe ya vile vibao viwili.

Bartók alikwenda Biskra nchini Algeria mwaka 1913 na mashine yake ya kurekodi, akakaa na wanamuziki wa Kiarabu, akasikia skeli ambazo zilivuruga kila alichokuwa amekizoea. Baada ya safari hiyo muziki wake wa piano haukurudi ulikotoka. Yeye alisafiri kwa meli kuzifuata sauti zile, na mpwa wako amezaliwa nazo chumbani. Kuhusu aanzie wapi, nakubaliana nawe: aanzie pale ambapo masikio yake yameshafika.

---

Solfa Bila Noti

Naomba nami nichangie kidogo kuhusu gharama, maana wengi tutasoma hapa tukiishia kusema piano ni ya wenye nacho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Dodoma, kwaya yetu inasoma solfa, do-re-mi ile ya herufi. Wengi wanaidharau eti si noti za kweli. Zoltán Kodály, rafiki yake Bartók, alijenga elimu ya muziki ya Hungaria juu ya solfa hiyo hiyo, na ishara za mikono zilizotoka kwa Mwingereza John Curwen. Wamisionari walituletea sisi huku kwa mlango mwingine. Na Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao leo sauti yake ni ya Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, akiwatungia wanafunzi wake nyimbo kwa solfa. Mwalimu wa shule, daftari, na watoto wa kuimba. Hakungoja piano.

Kwangu watoto wanatunga kwa ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kuna baba mmoja wa Kigogo anawachongea, vyuma anavifua kutokana na misumari na spoku za baiskeli. Mtoto akitaka sauti ipande kidogo anasogeza chuma chake. Kwa hilo tu tumeshaishinda piano.

---

Mama Vibao

Mwalimu wa Dodoma, ningependa niwe mwanafunzi kwenye darasa hilo. Mtoto anayesogeza chuma mpaka sikio liridhike anajifunza kitu ambacho wanafunzi wangu hawatakipata, maana piano wanaikuta imeshatyuniwa na mtu mwingine (au haijatyuniwa kabisa, kama yangu mwezi wa nne).

Swali: zile nyimbo za watoto wanazoimba wakiruka kamba na kucheza rede, unazichukua? Bartók alianza hivyo. Mwaka 1908 alianza kupanga nyimbo za vijijini za Kihungaria na Kislovaki ziwe vipande vya piano vya watoto, wimbo kama ulivyo, na mkono wa kushoto unaongeza kitu kidogo chini yake. Mimi nimekusanya 23 hapa Tanga kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Kila mmoja ana jinsi yake ya kumalizia mstari wa mwisho, hata watoto wa mtaa mmoja. Naziandika zote, silazimishi ipi ni sahihi.

---

Solfa Bila Noti

Za kuruka kamba ninazo nyingi, na nyingine ni za kupokezana, mmoja anaanza kundi linajibu. Nitaziandika kwa solfa nikutumie, wewe uzipange kwa mikono miwili.

---

Baba wa Wawili

Narudi na mrejesho. Wiki tatu sasa. Siku nne za kwanza binti hakupiga kitu, alikaa tu kitabu kimefungwa, nami nikanyamaza kama ulivyosema, ingawa ilikuwa ngumu. Siku ya tano akapiga noti tatu. Jana alimalizia kile kipande cha mtihani kwa mwisho wake mwenyewe, kisha akarudi akaupiga mwisho wa kitabu, akaniuliza, "Baba, kwa nini yeye alishuka na mimi nilipanda?" Nilikosa jibu.

---

Mama Vibao

Baba, usilitafute jibu. Mwambie apige zote mbili tena na akueleze yeye.

Nami nina mrejesho wangu. Yule mtoto wa bodaboda amekuja jana. Masika yameanza, vile vibao vitatu vya chini vimekwama tena, na tope lake liko hapo hapo. Nilitaka tuhamishe kiganja juu kidogo. Akakataa. Akavibonyeza vile vibao vikazama, akasikiliza kimya kinachobaki visiporudi, kisha akapiga injini yake juu. Akasema sasa ndiyo imekwama kweli.

Nikachukua kalamu niandike badiliko hilo. Akaniomba kalamu. Akachora kitu mwenyewe, mstari uliopinda wenye nukta tatu chini yake. Nikamuuliza hiyo alama ni ya nini.

"Nikipiga utaijua," akasema, akasogeza stuli.